Kilomita Elfu Tano za Nani?

Kwenye fremu ya mlango wa dereva wa Toyota Harrier ya mwaka 1999, pale mlango unapofungia, mara nyingi hubaki kibandiko kidogo chenye maandishi ya Kijapani. Herufi zake hazimsaidii mnunuzi wa Kinondoni wala wa Buruburu, lakini tarakimu zinasomeka: tarehe, halafu kilomita. Ni kumbukumbu ya oili iliyobadilishwa gari likiwa bado kwao. Mwaka wake huwababaisha watu. Palipoandikwa 15 si 2015. Ni mwaka wa 15 wa enzi ya Heisei, yaani 2003. Kwa Heisei mtu anaongeza 1988, na kwa Reiwa, enzi iliyoanza 2019, anaongeza 2018.

Kibandiko hicho kina thamani kuliko redio ya gari, na bado wapo wanaokibandua siku ya kwanza ya kuliosha.

Ndani ya droo ya dashibodi kuna kitu cha pili kinachopuuzwa: kitabu cha matengenezo, nacho ni cha Kijapani. Kwa Toyota ya petroli isiyo na tabo, ratiba ya Japani inataka oili ya injini ibadilishwe kila kilomita 15,000 au kila mwaka, kinachotangulia kati ya hivyo viwili. Mwenye gari wa Afrika Mashariki akisomewa hivyo hushtuka, kwa kuwa tangu alinunue ameambiwa 5,000. Hapo ubishi wa gereji huanza. Kitabu kinadanganya, au fundi anatafuta hela ya soda?

Hakuna anayedanganya. Kitabu hichohicho kina safu ya pili, ya gari linalotumika katika mazingira magumu, na humo 15,000 hushuka hadi 7,500, mwaka ukawa miezi sita. Ugumu wenyewe umeelezwa bila kuzungukazunguka: barabara mbaya zikifika asilimia 30 ya safari, mwendo wa zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka, kupanda na kushuka milima mara kwa mara, safari fupi za kilomita 8 au pungufu, zikirudiwarudiwa, injini kuunguruma kwa muda mrefu gari likiwa limesimama au likitambaa chini ya kilomita 30 kwa saa. Anayetoka Mbezi kwenda Posta asubuhi, au anayeingia Nairobi kwa Barabara ya Mombasa siku ya mvua, hana haja ya kuuliza yuko safu gani.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini kilomita peke yake hupotosha. Gari linalokwenda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa kwenye barabara kuu hufikisha kilomita 5,000 baada ya saa 83 hivi za injini kufanya kazi. Gari la foleni, lenye wastani wa kilomita 15 kwa saa, hufikisha namba ileile baada ya saa 333. Dashibodi zinasema kitu kimoja, ila oili ya gari la pili imechemshwa mara nne zaidi, tena bila upepo wa kutosha kupita kwenye rejeta. Kwa gari la mjini, basi, elfu tano za fundi si woga wala wizi. Kasoro yake ni kwamba husahau kalenda. SUV inayotolewa Jumapili kwa Jumapili, ikamaliza kilomita 3,000 kwa mwaka mzima, inahitaji oili mpya kila baada ya miezi sita, kwa sababu safari zake fupi haziipashi injini joto la kutosha kukausha unyevu na kuvukiza petroli iliyopenya hadi kwenye sampo.

Kuna jambo jingine ambalo kitabu hakikuwa na haja ya kulisema. Japani gari dogo la abiria hukaguliwa kisheria miaka mitatu baada ya kununuliwa jipya, kisha kila miaka miwili, na lisilopita ukaguzi haliruhusiwi barabarani. Ratiba ilikuwa na sheria nyuma yake. Meli ikishatia nanga Dar es Salaam au Mombasa, ratiba inabaki mikononi mwa mwenye gari, naye hana historia ya gari lake zaidi ya vibandiko viwili vitatu na maneno ya dalali.

Ndiyo maana ratiba ya SUV kuukuu ya petroli haifai kupangwa kwa kufuata namba za kitabu kutoka juu kwenda chini. Inapangwa kwa swali: hiki kikifa, kitakufa na nini? Balbu ya breki ikiungua, imeungua balbu. Kifuniko cha rejeta kikilegea, inaweza kwenda silinda hedi. Kwa kipimo hicho vitu vya bei ndogo hupanda juu ya orodha, na vingi vinavyopendwa na wauza spea hushuka.

Harrier ya kwanza inatoa mfano mzuri. Ilitoka Japani mwishoni mwa 1997, na Marekani ikauzwa kwa jina la Lexus RX 300. Injini yake kubwa, V6 ya lita 3.0 inayoitwa 1MZ-FE, ni ileile iliyokuwa kwenye Camry na Sienna za huko. Wamarekani wakaanza kulalamika: magari ambayo hayajazeeka yanavuta moshi, yanakula oili, na mengine injini zinanoki kabisa. Zilipofunguliwa, ndani palikuwa na tope jeusi, zito kama uji wa ulezi uliolala, limeziba njia za oili juu ya hedi. Mwaka 2002 Toyota ya Marekani ilitangaza mpango wa kugharimia matengenezo ya tope hilo kwa magari yapatayo milioni 3.3 ya Toyota na Lexus ya miaka 1997 hadi 2002, yenye injini hiyo na ile ya silinda nne ya lita 2.2. Kampuni ilisema wenye magari walichelewesha oili. Wenye magari wakasema wana risiti. Mvutano uliingia mahakamani, ukaishia kwa makubaliano.

Kwa mnunuzi wa mtumba, aliyekuwa na haki hana umuhimu sana. Kilicho muhimu ni namna tope linavyozaliwa. Kila pistoni inaposukumwa, gesi kidogo za mwako hupenya ringi na kushuka kwenye sampo, zikiwa na mvuke wa maji, petroli na masizi. Injini huzivuta tena na kuziunguza kupitia vali ndogo ya plastiki au chuma, PCV, inayokaa kwenye kava ya vali. Vali hiyo ikiziba, gesi hazina pa kutokea. Huiva pamoja na oili moto na kuganda. Kuipima PCV hakuhitaji mashine. Fundi anaichomoa, anaitikisa sikioni: ikilia tiki-tiki, kipande cha ndani kinacheza, ikiwa kimya, ni ya kutupwa. Ni spea ya bei ndogo, na kwenye magari mengi haijaguswa tangu kiwandani.

Kipimo cha tope ni tochi. Kifuniko cha kujazia oili kinafunguliwa na kutazamwa kwa chini, kisha mwanga unaingizwa shimoni. Alumini yenye rangi ya asali ni dalili ya uzee wa kawaida. Ukiona nyeusi inayochuruzika, ni oili iliyochelewa. Nyeusi isiyochuruzika, inayokwanguka kwa ukucha, ni tope, na kulisafisha kwa zile dawa za kumwagwa kwenye injini na kuunguruma dakika kumi ni kamari mbaya: vipande vinavyong'oka hushuka kwenye chujio la pampu ya oili na kuliziba. Gari la namna hiyo hupewa oili nzuri na filta kila kilomita 2,000 hadi 3,000 kwa mara kadhaa, ili tope liyeyuke polepole. Subira hiyo haipendwi, lakini haiui injini.

Kuhusu aina ya oili, mafundi wengi humwandikia mzee 20W-50 kwa hoja kwamba injini imechoka na inataka kitu kizito. Kwa injini ya zamani isiyo na vali za kubadili muda, kama 3S-FE ya RAV4 ya kwanza ya 1994, katika joto la pwani, hoja hiyo ina mguu wa kusimamia. Kwa injini yenye VVT-i mguu unateleza, maana mfumo huo unaendeshwa na oili yenyewe, inayopita kwenye njia nyembamba na chujio dogo, na oili nzito huchelewa kufika asubuhi. 5W-30 au 10W-30 yenye alama ya API SN au SP ndiyo inayofaa, na ile ya 5W-40 si kosa kwa injini iliyoanza kula oili.

Kula oili kwenyewe kuna ratiba yake, nayo ni fupi kuliko zote: dipstiki, kila wiki, asubuhi kabla ya kuwasha. Injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyomo kwenye Harrier ya pili na RAV4 ya tatu, ina sifa hiyo katika baadhi ya matoleo yake. Marekani, Toyota ililazimika kurefusha dhamana ya baadhi ya RAV4 za 2006 hadi 2008 kwa sababu ya ringi za pistoni zinazopitisha oili. Gari kama hilo linaweza kubadilishiwa oili kwa uaminifu kila kilomita 5,000 na bado likanoki kilomita ya 4,000, kwa kuwa sampo ilikauka njiani na taa nyekundu huwaka mambo yakiwa yamekwishaharibika.

Kinachofuata kwa uwezo wa kuua ni joto, na hapa mazoea ya gereji zetu ndiyo adui mkubwa.

"Bosi, thamostati ya nini nchi ya joto?" Sentensi hiyo husikika Gerezani, Dar es Salaam, na husikika Kirinyaga Road, Nairobi. Gari likichemsha, thamostati inatolewa, rejeta inajazwa maji ya bomba, mshale unashuka, mteja analipa na kushukuru. Kumbe thamostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Hokkaido. Kwenye injini nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 za Selsiasi, ili injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi na kubaki hapo. Ikitolewa, injini hubaki baridi kwenye mwendo wa barabara kuu, kompyuta inaendelea kuongeza petroli ikidhani ni asubuhi, oili inachafuka, na tope lile la Harrier linapata makao. Kwenye foleni gari linaweza kuchemsha vilevile, maana ugonjwa wenyewe, labda feni, labda rejeta iliyoziba, labda wota pampu, haujaguswa.

Maji ya bomba nayo yana hesabu yake. Usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi na Mbeya, ambazo zote ziko juu kwa takriban mita 1,700, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Injini yenye afya hufanya kazi karibu na nyuzi 90, na feni ya umeme kwa kawaida husubiri nyuzi tisini na kitu ndipo ianze kuzunguka. Maana yake, gari lenye maji matupu na kifuniko cha rejeta kilichokufa linaweza kuanza kutokota Mbeya wakati uleule feni inapoamka, ilhali gari hilohilo Tanga lisingeonyesha dalili. Kifuniko kizima, chenye alama ya 1.1, hushikilia mgandamizo ndani ya mfumo na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 115 hata kwenye miinuko hiyo. Kulanti inapandisha zaidi na kuzuia kutu. Kifuniko ni raba mbili na springi. Raba ikipasuka au ikigeuka ngumu, kinabadilishwa, hakirekebishwi.

Kulanti nyekundu ya zamani ya Toyota hupewa miaka miwili. Ile ya pinki, iliyoanza kutumika kwenye magari ya miaka ya 2000, hudumu muda mrefu zaidi: ya kiwandani hufika kilomita 160,000 au miaka saba kwa ratiba ya Japani, na ikishabadilishwa hupewa kilomita 80,000 au miaka minne. Muda huo mrefu haumhusu mtu ambaye rejeta yake ilishaongezwa maji na kila fundi aliyepita. Huyo anamwaga yote, anasukutua mfumo hadi maji yatoke meupe, anatia kulanti ya aina moja na maji yaliyosafishwa nusu kwa nusu, kisha anautoa mfumo hewa.

Mshale wa joto usiaminiwe sana. Kwenye magari mengi ya miaka hiyo umetengenezwa ukae katikati kwa upana mkubwa wa joto, dereva asisumbuke. Ukianza kupanda, nafasi iliyobaki ni ndogo. Kwa injini ya 2AZ-FE adhabu ni kali. Nyuzi za bolti za silinda hedi zimechongwa kwenye bloku ya alumini, na matoleo ya mwanzo yanajulikana kwa nyuzi hizo kung'oka. Likichemsha mara moja vizuri, gasketi mpya haiponyi kitu mpaka bloku itobolewe upya na kuwekwa nyuzi za chuma.

Sasa taimingi. Wanunuzi wamezoea kuuliza kama gari lina belti au cheni, na swali ni zuri. RAV4 ya kwanza yenye 3S-FE, Harrier ya V6 ya lita 3.0, Prado ya 5VZ-FE ya lita 3.4, Pajero nyingi za V6 na Forester za injini za EJ zina belti. RAV4 ya pili yenye 1AZ-FE, X-Trail za QR20 na QR25, Prado ya 2TR-FE ya lita 2.7 na ile ya 1GR-FE ya lita 4.0 zina cheni. Belti, kwa desturi ya Japani, hubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Ikikatika kwenye 3S-FE, gari huzima tu, linavutwa hadi gereji na maisha yanaendelea. Kwenye Forester nyingi za EJ hali ni nyingine: vali zinabaki zimening'inia, pistoni inapanda na kuzigonga, na mkutano huo mfupi unaweza kugharimu kuliko servisi zote za miaka mitatu.

Belti ni raba, na raba huhesabu miaka pia. Gari la mwaka 2001 lenye kilomita 70,000 za kweli bado lina belti ya miaka zaidi ya ishirini, na kusubiri 100,000 hapo ni kuchezea bahati. Inapofunguliwa, wota pampu, tenshena na sili za mbele hubadilishwa kwa mkupuo, kwa sababu kazi kubwa ni kufika pale na fundi atalipwa tena kwa kufungua tena.

Kibandiko cha belti, kilichobandikwa chini ya boneti au kwenye kava la belti yenyewe, kina faida ya ziada ambayo madalali hawaipendi. Kikisema belti ilibadilishwa kwenye kilomita 102,000 na dashibodi inasoma 78,000, hakuna haja ya kumpigia simu mganga.

Wenye cheni wasilale usingizi. Cheni haina tarehe ya kufa, lakini hukazwa na tenshena inayosukumwa na oili, kwa hiyo umri wake ni umri wa uaminifu wa oili. Sauti ya mchakacho inayosikika sekunde mbili tatu injini ikiwashwa baridi, kisha ikapotea, ni tenshena inayochelewa kujaa au cheni iliyorefuka. Ikisikika kila asubuhi, haipatiwi dawa kwa kuongeza sauti ya redio.

Mafuta ya breki hayapewi heshima popote, na huu ndio upungufu unaoshangaza kuliko yote katika servisi za mitaani. Yanavuta unyevu kutoka hewani hata gari likiwa limeegeshwa. DOT 3 mpya, kwa kiwango cha chini kinachokubalika, huchemka kwenye nyuzi 205. Ikishavuta maji hushuka hadi nyuzi 140. Kwenye Mlima Kitonga mkoani Iringa au mteremko wa kwenda Mai Mahiu, SUV ya tani moja na nusu na ushee iliyojaa familia na magunia, ikishikwa breki mfululizo, hufika huko. Mvuke hubinyika, mafuta hayabinyiki. Pedali inazama hadi chini na gari halisimami. Ratiba ni miaka miwili, chupa moja au mbili, na mtu wa kukanyaga pedali wakati fundi anafungua nati ya kutolea hewa.

Giaboksi ya otomatiki ina theolojia yake. Wapo wanaoapa kwamba oili ya zamani isiguswe, maana giaboksi ikipewa mpya hufa. Hadithi hiyo ilitokana na magari yaliyopelekwa kubadilishiwa yakiwa tayari yanateleza gia, yangekufa tu. Njia salama kwa gari lisilo na historia ni kumwaga kwa bolti ya chini, ambako hutoka chini ya nusu ya oili yote, kujaza kilekile kilichotoka, kutembea wiki kadhaa, na kurudia mara mbili. Mashine ya kusukuma oili yote kwa nguvu haina haraka ya kuingia kwenye giaboksi ya miaka ishirini. Hatari kubwa kuliko zote ni kukosea aina. X-Trail ya T31 na RAV4 ya tatu ya soko la Japani zipo zenye giaboksi za CVT, zisizo na hatua za gia, na hizo zina oili yake maalumu. Ile nyekundu ya kawaida inayouzwa kwa lita haijatengenezwa kwa mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Aliyemiminiwa hiyo kwa nia njema hugundua mlimani.

SUV zinazotumia magurudumu yote manne zina difu ya nyuma na kisanduku cha kugawa nguvu, kila kimoja na oili yake, na kuna magari yanayomaliza miaka kumi nchini bila bolti hizo kufunguliwa. Kosa la kwanza wakati wa kuifanya kazi hiyo ni kufungua bolti ya kumwagia kabla ya ile ya kujazia. Bolti ya kujazia ikigoma kutoka, gari limelala gereji bila oili kwenye difu. Tairi nazo zinahusika humu. Kwenye Forester au RAV4 yenye mfumo wa kudumu wa magurudumu manne, tairi mbili mpya mbele na mbili zilizokwisha nyuma hutofautiana mzunguko, na tofauti hiyo hulazimisha mfumo wa katikati ufanye kazi hata kwenye lami iliyonyooka, ukipata joto lisilokusudiwa.

Umri wa tairi husomwa ubavuni, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zinazokuja na gari huweza kuwa na kashata ndefu za kupendeza na miaka kumi na mbili ya uzee. Watengenezaji wengi husema baada ya miaka kumi zitolewe hata kama zinaonekana nzima.

Vumbi ni suala la Dodoma na Turkana kuliko la Tokyo. Filta ya hewa hupulizwa kwa kompresa kila inapopatikana nafasi, na upepo ule mkali huweza kutoboa karatasi vitundu visivyoonekana. Kipimo cha uhakika ni kidole: boksi la filta linafunguliwa na kidole kinapitishwa ndani ya bomba upande wa injini. Kikitoka na vumbi, mchanga umekuwa ukipita na kusaga silinda, iwe filta inang'aa au haing'ai. Aliyeishi na barabara ya vumbi miezi mitatu asihesabu kilomita, aangalie boksi.

Plagi ni mahali ambapo V6 hufichua uvivu wa fundi. Kwenye 1MZ-FE plagi tatu za mbele hutoka kwa dakika chache, lakini tatu za nyuma zimejificha chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, inayotakiwa kufunguliwa kwanza. Magari si machache yenye plagi tatu mpya mbele na tatu zilizotoka nazo Japani nyuma. Mwenye gari anayelipia plagi sita aombe sita kuukuu mkononi.

Mwezi wa kwanza, pesa ikiwa haitoshi kwa vyote, hesabu hupangwa hivi kwa gari la belti lisilo na historia: belti na wota pampu, kulanti na kifuniko na thamostati kwa kuwa mfumo umeshafunguliwa, mafuta ya breki, oili na filta na PCV. Oili za giaboksi na difu zinafuata mwezi wa pili. Tarehe na kilomita za kila kazi huandikwa kwenye daftari linalokaa garini, pamoja na jina la oili iliyotiwa, ili fundi wa safari ijayo asibahatishe. Plagi za iridiamu, ambazo kitabu huzipa hadi kilomita 100,000, zikionekana nzima zinarudishwa zilipotoka. Shokapu zenye jasho tu la oili, si zile zinazochuruzika, zinaweza kusubiri hadi ada za shule za Januari zilipwe.